Bustani ya mboga mjini Kampala: Mkulima mgeni ajue nini katika msimu wake wa kwanza?

Kila mwaka, mawingu ya mwishoni mwa Agosti yanapoanza kujikusanya juu ya Ziwa Victoria, majembe hutolewa stoo katika mitaa mingi ya Kampala. Nyuma ya nyumba za Makindye, katika viwanja ambavyo havijajengwa huko Nakawa, na hata ndani ya magunia yaliyopangwa barazani Kawempe, watu hujiandaa kupanda mboga. Wengi wao walijifunza kilimo utotoni. Lakini wapo pia wanaoshika jembe kwa mara ya kwanza: vijana waliozaliwa mjini, wapangaji wa chumba kimoja, na familia zilizohamia kutoka Kongo, Tanzania, Kenya au wilaya za mbali za Uganda, ambazo zimechoka kununua kila jani linaloingia sufuriani.

Kwa watu hawa, msimu wa kwanza ni wa hatari kuliko yote. Fedha kidogo iliyowekwa katika mbegu na samadi inaweza kupotea kwa wiki tatu za jua kali. Mboga zinaweza kustawi vizuri kwa macho huku zikiwa zimefyonza sumu isiyoonekana. Na kipande cha ardhi kilichosafishwa kwa jasho kinaweza kudaiwa na mwenyewe kabla ya mavuno. Makala haya yanaeleza mambo ambayo mkulima mgeni wa Kampala anahitaji kuyafahamu, kuanzia uchaguzi wa mahali hadi mboga ya kwanza kukatwa.

Jiji ambalo halikuacha kulima

Kilimo cha mjini si jambo geni Kampala. Jiji lilikua juu ya vilima vya Buganda ambako migomba ilizunguka nyumba za watu kwa vizazi vingi, na lilipopanuka liliimeza mitaa hiyo pamoja na mashamba yake. Katika miaka ya 1970 na 1980, uchumi wa nchi ulipoporomoka na mishahara ikakosa thamani, watumishi wa serikali, walimu na wafanyabiashara walirudi kwenye jembe ili waweze kula. Tafiti zilizofanywa mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilionyesha kwamba takriban theluthi moja ya kaya za jiji zilikuwa zikilima kwa namna fulani.

Kwa muda mrefu sheria za mji zilikitazama kilimo hicho kama uchafu wa kufyekwa. Mabadiliko yalikuja mwaka 2006, baraza la jiji lilipopata sheria ndogo zilizokitambua kilimo cha mjini na kukiwekea mipaka. Leo Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, KCCA, inaendesha kituo cha mafunzo ya kilimo huko Kyanja, katika tarafa ya Nakawa, ambako mwananchi anaweza kuona mboga zikioteshwa katika magunia, makopo, vitanda vya ngazi na mabanda ya kivuli.

Hata hivyo, Kampala haina mpango wa kuwagawia wakazi viwanja vya mboga kama ulivyo katika baadhi ya nchi. Nchini Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1908 iliziwajibisha halmashauri kuwatafutia wakazi wanaohitaji vipande vya ardhi vya kukodi kwa ajili ya kulima chakula, na kipimo cha desturi ni takriban mita za mraba 250. Mkazi wa Kampala hujitafutia mwenyewe: kwa mwenye nyumba, kwa jirani, kwa msikiti, kanisa au shule, ama kwa mtu aliyenunua kiwanja na bado hajapata fedha za kujenga. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la msimu linahusu mahali. Mbegu huja baadaye.

Mahali kwanza, mbegu baadaye

Ardhi iliyo wazi na yenye maji mengi mjini mara nyingi iko bondeni, na bonde la Kampala ndipo yanapoishia maji machafu ya vilima vyote. Mfereji wa Nakivubo unapita katikati ya jiji, ukikusanya maji ya mvua, ya gereji, ya viwanda na ya vyoo, na kuyapeleka kwenye ardhioevu iliyo kando ya Ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria. Udongo wa hapo ni mweusi, laini na haukauki hata wakati wa kiangazi. Magimbi na miwa hustawi humo. Lakini udongo huohuo umepimwa na wanasayansi mara kadhaa na kukutwa na metali nzito kama vile risasi na kadimiamu, ambazo mmea huzifyonza kupitia mizizi.

Hatari ya pili iko kando ya barabara. Kwa miongo mingi magari ya Afrika yalitumia petroli yenye risasi. Nchi zilizo kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, lakini madini yaliyotua ardhini hayakuondoka pamoja nayo. Utafiti uliochapishwa mwaka huohuo kuhusu barabara za Kampala ulionyesha kwamba kiwango cha risasi katika udongo na mboga hupungua kadiri unavyosogea mbali na lami, na watafiti wakashauri mboga za majani zilimwe umbali usiopungua mita 30 kutoka barabara kuu.

Ni muhimu kuelewa jinsi uchafu huo unavyomfikia mlaji. Sehemu moja ni vumbi linalotua juu ya majani, na hilo huweza kupunguzwa kwa kuosha mboga vizuri kwa maji safi. Sehemu nyingine imo ndani ya jani lenyewe, nayo haitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Kwa kawaida majani hukusanya metali nyingi kuliko matunda, hivyo sukuma wiki iliyooteshwa mahali pabaya ina hatari kubwa kuliko nyanya ya mahali hapohapo. Wanaoathirika zaidi ni watoto, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo unaokua.

Mkulima mgeni asiye na maabara anaweza kuuliza maswali manne kabla ya kuchimba. Je, hapa palikuwa jalala, gereji au mahali pa kuchomea betri na nyaya? Je, maji ya mtaa hupita hapa mvua inaponyesha? Je, barabara kuu iko umbali gani? Na je, eneo hili ni ardhioevu? Iwapo jibu la swali lolote linatia shaka, ni salama zaidi kuoteshea ndani ya gunia kwa udongo ulioletwa kutoka mahali safi.

Swali la nne lina uzito wa kisheria pia. Ardhioevu inalindwa na sheria za mazingira, na serikali imekuwa ikiwaondoa watu. Mwaka 2024, Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, iliendesha operesheni ya kuwaondoa wakazi na wakulima katika ardhioevu ya Lubigi, na mazao yakaangamia pamoja na nyumba.

Ardhi hii ni ya nani?

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inatambua mifumo minne ya umiliki wa ardhi: mailo, umiliki huru, ukodishaji na umiliki wa kimila. Sehemu kubwa ya ardhi ya Kampala na Buganda ni mailo, mfumo uliotokana na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900. Chini ya mfumo huo, ardhi moja inaweza kuwa na mwenye hati na wakati huohuo kuwa na mwenye kibanja, yaani mtu anayeishi na kulima juu yake kwa haki inayotambuliwa na sheria. Mgeni anayeambiwa "lima tu hapo" anapaswa kujua aliyesema hivyo ni yupi kati ya hao wawili, au kama si yeyote kati yao.

Jambo hili linaeleza desturi moja ambayo huwashangaza wageni. Mwenye kiwanja anaweza kukubali kwa moyo mweupe upande mchicha, lakini akakasirika ukipanda migomba, mibuni au hata mpapai mmoja. Si choyo. Katika Buganda, mmea wa kudumu ni dalili ya mtu anayekusudia kubaki, na mwenye ardhi huogopa kwamba kesho dalili hiyo itageuzwa kuwa dai la kibanja. Mkulima wa kuazima anayetaka amani hupanda mazao ya miezi michache, na akitaka kupanda kitu cha kudumu huomba ruhusa kwanza.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni ya bure. Karatasi moja inatosha: majina, mipaka ya kipande, tarehe ya kuanza na kumaliza, mazao yanayoruhusiwa, na ahadi kwamba endapo kiwanja kitahitajika, mkulima atapewa muda wa kuvuna. Mwenyekiti wa LC1 wa mtaa anaweza kuwa shahidi. Kwa wakimbizi wanaoishi Kampala hili ni muhimu zaidi, kwa kuwa mpango wa serikali wa kuwapa wakimbizi vipande vya ardhi unatekelezwa katika makazi rasmi kama Nakivale na Kyangwali. Anayechagua kuishi jijini hujitegemea.

Mvua mbili kwa mwaka

Kampala iko karibu na mstari wa ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hupata misimu miwili ya mvua. Waganda huita mvua za Machi hadi Mei ttoggo, na zile za Septemba hadi Desemba ddumbi. Katikati yake kuna vipindi vya ukavu, Juni na Julai kwa upande mmoja, Januari na Februari kwa upande mwingine, ingawa kutokana na ukaribu wa ziwa mvua za hapa na pale hunyesha hata wakati huo.

Mvua hizo za hapa na pale ndizo zinazomponza mgeni. Mvua moja kubwa ya katikati ya Agosti humfanya adhani msimu umefika. Anamwaga mbegu zake zote, zinaota, kisha jua la siku 12 linaziunguza. Njia ya kujikinga ni kupanda kwa mafungu. Badala ya kumwaga pakiti nzima siku moja, gawa mbegu mara tatu na uzipande kwa kupishana wiki mbili. Fungu moja likiharibika, mawili yamebaki. Na yote yakistawi, mboga haitakomaa siku moja na kuoza kwa wingi wake. Utabiri wa hali ya hewa hutolewa kabla ya kila msimu, na ni vyema kuufuatilia redioni.

Kipindi kikavu kikija, hesabu ya maji ni rahisi. Bustani ya mboga katika hali ya hewa ya Kampala huhitaji milimita nne hadi tano za maji kwa siku, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo vitanda vinne, kila kimoja kikiwa na upana wa mita moja na urefu wa mita nne, huhitaji lita 64 hadi 80 kwa siku, yaani madumu matatu au manne ya lita 20. Mtu atakayebeba madumu hayo kila jioni lazima ajulikane kabla ya kupanda. Upande wa pili wa hesabu hiyo unafurahisha: paa la mabati la mita za mraba 30, likipata mvua ya milimita 20, hupokea lita 600. Hata robo ikimwagika, mfereji wa bati na pipa safi vitahifadhi zaidi ya madumu 20.

Udongo mwekundu na maganda ya matoke

Vilima vya Kampala vina mpangilio wa udongo unaojirudia. Juu kabisa kuna kofia ya changarawe ngumu, ile inayochimbwa kutengenezea barabara. Miteremkoni kuna udongo mwekundu, wa kina na usiotuamisha maji, ambao hufaa kwa kilimo iwapo utalishwa. Chini bondeni kuna mfinyanzi wa kijivu. Mkulima wa mtaani kwa kawaida hukutana na ule mwekundu, mara nyingi ukiwa umeshindiliwa na mafundi ujenzi na kuchanganyika na saruji, vioo na mifuko ya plastiki. Wiki ya kwanza ya kazi ni ya kuokota takataka hizo na kuchimba kina cha sentimita 30.

Lishe ya udongo ipo tele mjini, bali imefungwa kwenye mifuko ya taka. Sehemu kubwa ya taka za nyumba za Kampala ni maganda ya matoke, ya viazi na ya matunda pamoja na mabaki ya mboga. Kwa miaka mingi taka hizo zilipelekwa katika jalala la Kiteezi, kaskazini mwa jiji, hadi tarehe 10 Agosti 2024, mlima wa taka ulipoporomoka baada ya mvua kubwa na kuua zaidi ya watu 30. Kila ndoo ya maganda inayobaki nyumbani na kugeuka mboji ni ndoo moja iliyopunguzwa kwenye mlima kama ule.

Mboji hutengenezwa kwa tabaka: maganda mabichi, kisha majani makavu au nyasi, kisha udongo kidogo, mpaka rundo lifikie urefu wa mita moja. Liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, lifunikwe kwa majani ya mgomba, na ligeuzwe kila baada ya wiki mbili. Rundo likipata joto, kazi inakwenda sawa; likinuka, lina maji mengi au halipati hewa. Baada ya miezi miwili au mitatu huwa jeusi na lenye harufu ya msitu. Nyama, mafuta na mimea yenye ugonjwa visiwekwe humo.

Anayeanza bila mboji hununua samadi ya kuku, ambayo katika Kampala mara nyingi huja imechanganyika na maganda ya kahawa au maranda ya mbao. Samadi hiyo ina nguvu nyingi, na ikiwekwa mbichi huunguza mizizi ya miche. Inapaswa kurundikwa na kuachwa iive kwa wiki sita hadi nane.

Mboga moja, majina mengi

Msikilizaji wa Kiswahili anayekwenda sokoni Nakasero au Kalerwe hukutana na mboga anazozijua kwa majina asiyoyajua. Mchicha hapa huitwa dodo, na waliotoka Kongo ya Mashariki huuita lengalenga. Mgagani ni jjobyo. Mnavu ni nsugga. Nyanya chungu, ambayo Tanzania huitwa pia ngogwe, ni ntula. Majani ya kunde ni ggobe. Nakati, mboga ya majani inayopendwa sana na Waganda, haina jina la Kiswahili lililoenea. Ni jamaa ya nyanya chungu inayolimwa kwa ajili ya majani yake.

Kwa msimu wa kwanza, mazao manne yanatosha: dodo, nakati, sukuma wiki na maharage. Dodo hufika sufuriani mapema na kumtia mkulima moyo. Nakati huchipua tena ikikatwa. Sukuma wiki hutoa majani kwa miezi mingi. Maharage huongeza naitrojeni katika udongo kwa msaada wa bakteria wanaoishi mizizini mwake. Nyanya, ambayo wageni wengi huitamani kwanza, ni bora isubiri, sababu tutaziona.

Mbegu za sukuma wiki hupatikana katika maduka ya pembejeo, ambayo mengi yako eneo la Container Village karibu na Nakivubo. Nunua pakiti iliyofungwa yenye tarehe, na uhifadhi risiti. Mbegu za dodo na nakati mara nyingi huuzwa na wakulima wenyewe. Mbegu yoyote ijaribiwe kabla ya kupandwa: weka punje 20 katika kitambaa chenye unyevu kwa wiki moja, au mbili kwa nakati. Zikiota chini ya 10, rudisha au panda kwa wingi maradufu.

Kuhusu vifaa, wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Jembe moja, panga, ndoo, dumu lililotobolewa kifuniko kwa ajili ya kumwagilia, na daftari vinatosha.

Wiki baada ya wiki

Mfano huu ni wa msimu wa ddumbi katika vitanda vinne vilivyotajwa. Upana wa mita moja umechaguliwa ili mkono ufike katikati kutoka kila upande bila kukanyaga udongo.

Katikati ya Agosti, vitanda huchimbwa na kuchanganywa na mboji. Mbegu za sukuma wiki husiwa kwenye kitalu kidogo chini ya kivuli chepesi.

Mvua zinapotulia, kwa kawaida Septemba, dodo, nakati na maharage hupandwa. Mbegu za dodo ni ndogo sana, hivyo huchanganywa na mchanga mkavu ili zisirundikane, na kufunikwa kwa udongo mwembamba sana. Dodo huota ndani ya wiki moja. Nakati huchukua wiki moja hadi mbili, na wageni wengi huichimbua wakidhani imekufa. Iachwe.

Wiki ya tatu na ya nne ni za kupalilia na kupunguza miche. Kung'oa mimea iliyoota vizuri huuma, lakini dodo iliyosongamana hubaki nyembamba kama uzi. Iliyong'olewa haitupwi, hiyo ndiyo mboga ya kwanza ya msimu.

Wiki ya tano, sukuma wiki huhamishwa kutoka kitaluni. Kazi hii hufanywa jioni au siku ya mawingu, na miche humwagiliwa kabla na baada ya kuhamishwa. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, kitanda kimoja huchukua mashina 16 hivi.

Kati ya wiki ya sita na ya nane nakati hukatwa kwa mara ya kwanza. Ikikatwa sentimita 10 juu ya ardhi huchipua tena, iking'olewa, imekwisha.

Maharage hukauka kati ya miezi miwili na nusu na mitatu. Majani ya kwanza ya sukuma wiki huchumwa katikati ya Novemba, yale ya chini kwanza, mawili au matatu kwa shina kila wiki. Mashina 16 hutoa kwa utaratibu huo majani 32 hadi 48 kwa wiki, na yakimwagiliwa huendelea hadi mwaka mpya na kupita.

Wadudu, maradhi na dawa

Asubuhi moja miche ya sukuma wiki inaweza kukutwa imelala chini kama iliyokatwa kwa wembe. Huyo ni sota, kiwavi anayeishi udongoni na kutoka usiku. Kipande cha karatasi ngumu kikizungushwa kwenye shina na kuzikwa kidogo humzuia. Vidukari, wadudu wadogo wanaojazana chini ya majani, hupunguzwa kwa maji yenye sabuni kidogo. Viwavi vya kijani vinavyotoboa majani huokotwa kwa mkono kila asubuhi. Bustani ndogo inaruhusu jambo hilo.

Nyanya ina maadui wakubwa zaidi. Wa kwanza ni bakajani chelewa, ugonjwa unaopenda ubaridi na unyevu wa msimu wa mvua. Ndio ulioharibu viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na unaweza kuangamiza kitanda cha nyanya kwa muda usiozidi wiki mbili. Wa pili ni mnyauko wa bakteria. Mmea wenye majani ya kijani hunyauka ghafla ingawa udongo una maji. Kata shina, litumbukize katika glasi ya maji safi; ukiona utelezi mweupe ukishuka kama uzi wa moshi, bakteria wamo. Hakuna dawa ya kuutibu. Mmea hung'olewa, na mahali hapo pasipandwe nyanya, bilinganya, pilipili, viazi mviringo, ntula wala nakati kwa misimu kadhaa, kwa maana zote ni ukoo mmoja.

Dawa za viwandani ziwe hatua ya mwisho. Vibandiko vyake huandikwa zaidi kwa Kiingereza, ingawa baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022. Asiyesoma Kiingereza aombe asomewe mambo matatu: kiasi cha dawa kwa lita ya maji, mavazi ya kujikinga, na idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Chini ya vibandiko vingi kuna ukanda wa rangi: mwekundu ni wa sumu kali zaidi, kijani ni wa sumu hafifu. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda bila kibandiko isinunuliwe hata kama ni rahisi, na mboga za majani zinazochumwa kila wiki ni bora zisipuliziwe kabisa.

Asiye na ardhi

Mpangaji wa chumba anaweza kuanza na gunia moja. Kopo lisilo na vitako huwekwa katikati ya gunia na kujazwa mawe madogo. Udongo uliochanganywa na mboji huwekwa kulizunguka. Kisha kopo huvutwa juu na kujazwa tena, mpaka gunia lijae na nguzo ya mawe ibaki ndani. Maji yakimiminwa juu hupenya kupitia mawe na kuufikia udongo wa chini. Matundu hutobolewa ubavuni kwa kupishana, na mche mmoja hupandwa katika kila tundu. Gunia liwe mahali panapopata jua kwa saa sita hivi kwa siku, na lisiwekwe chini ya paa linalochuruzika rangi.

Faida na mipaka yake

Vitanda vinne haviwezi kulisha familia. Unga, mchele, matoke na mafuta vitaendelea kununuliwa. Kinachobadilika ni fungu la mboga: mtu aliyekuwa akinunua majani kila siku huanza kuyanunua mara moja moja, na watoto hula mboga hata siku ambayo mfuko ni mtupu.

Faida hiyo hupimwa kwa daftari. Upande mmoja huandikwa kila shilingi ya mbegu, samadi, nauli na maji. Upande mwingine, kila fungu lililochumwa na bei ambayo lingenunuliwa sokoni siku hiyo. Katika msimu wa kwanza pande hizo mbili zinaweza kutoshana, au gharama ikazidi, kwa sababu jembe, pipa na makopo hununuliwa mara moja lakini hutumika miaka. Katika msimu wa pili gharama hizo hazirudi.

Mwezi Desemba, mimea michache ya dodo na nakati iliyo bora kuliko mingine iachwe ikomae kwa ajili ya mbegu. Mabua ya maharage yaingie kwenye mboji, ila mizizi yake ibaki ardhini. Januari ni wakati wa kumwona mwenye kiwanja na kuongeza muda kwenye karatasi ya makubaliano, na kufikia mwishoni mwa Februari vitanda viwe vimeshachimbwa tena, tayari kwa mvua za ttoggo mwezi Machi.